Mtoro Anapobisha Hodi Kanisani

Jumapili asubuhi Kitengela husikika kabla haijaonekana. Ukitoka Athi River kwa barabara ya Namanga, vipaza sauti vya makanisa vinakupokea kutoka pande zote mbili: makanisa ya mawe, makanisa ya mabati, na mengine yaliyokodi ghorofa juu ya maduka ya simiti na rangi. Ijumaa mchana adhana huchukua zamu yake. Sensa ya 2019 ilikuta hapa watu zaidi ya 150,000, mahali ambapo wazee wa Kimaasai wa Kaputiei wanakumbuka malisho matupu na nyumbu waliokuwa wakiteremka kutoka Mbuga ya Nairobi. Walivutwa na viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuza nje, viwanda vya saruji, mashamba ya maua, na ploti zilizokuwa rahisi kuliko za jijini. Wengi ni vijana, wengi ni wanawake, na wengi hawana ndugu karibu. Kanisa au msikiti ndio ukoo wao mpya.

Mahubiri yanayopendwa katika makanisa haya ni yale ya Wana wa Israeli kutoka Misri. Farao huwa deni la chama, huwa kodi ya nyumba, huwa mwajiri asiyelipa. Waumini husimama, huitikia, wengine hulia. Ibada ikiisha wanatoka nje, na kwenye nguzo ya stima hatua chache kutoka langoni kuna karatasi: wafanyakazi wa nyumbani wanahitajika Saudia, Qatar na Imarati, tiketi bure, pasipoti itashughulikiwa, piga namba hii. Wasichana huipiga picha kwa simu. Baadhi yao watarudi baada ya miaka miwili wakiwa na mtaji wa duka. Baadhi watarudi bila mshahara na bila afya. Wengine watarudi ndani ya jeneza.

Ndiyo maana naona mjadala wa dini na utumwa, unaozuka mara kwa mara redioni na mitandaoni, huanzia mahali pasipofaa. Mkristo humkumbusha Mwislamu misafara ya Pwani na soko la Unguja. Mwislamu naye humkumbusha Mkristo majahazi ya Atlantiki na mashamba ya Virginia. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili hubaki pale pale walipokuwa. Swali lenye uzito ni jingine, na limewahi kuulizwa hapa kwetu kwa vitendo: mtumwa aliyetoroka alipofika mlangoni pa nyumba ya ibada, akiwa na njaa na bwana wake yuko njiani anamfuata, alifanyiwa nini?

Tusidanganyane kuhusu vitabu. Maandiko yote mawili yalishushwa katika dunia iliyokuwa na watumwa, na hakuna linaloupiga marufuku utumwa kwa sentensi moja isiyo na shaka. Kitabu cha Walawi kinaruhusu kununua watumwa kutoka mataifa mengine. Kumbukumbu la Torati kinakataza kumrudisha mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Paulo anawaagiza watumwa watii, kisha anamwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu. Qurani inaikubali hali ya utumwa na papo hapo inaufanya ukombozi wa mtumwa kuwa kafara ya makosa kadhaa, inautengea fungu katika zaka, na katika Sura Al-Balad inauhesabu kuwa mojawapo ya matendo ya kuipanda ile njia ngumu ya mlima. Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Hata hivyo mashamba ya mtama na mikarafuu ya Pwani yalilimwa kwa karne nzima na watumwa wa watu waliosali swala tano.

Wenye mali walijua nguvu ya vitabu hivi kuliko wengi wetu. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Sehemu kubwa ya Kitabu cha Kutoka iliondolewa. Maagizo ya utii yalibakizwa. Mtu hachukui mkasi kukata hadithi asiyoiogopa.

Upande wa Pwani hila ilikuwa tofauti. Sheria ya Kiislamu ilimpa suria aliyemzalia bwana wake haki ya kuwa huru bwana akifa, na watoto wake walizaliwa huru; masultani kadhaa wa Unguja walikuwa wana wa masuria. Binti Sultani Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alizaliwa na suria, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 aliutetea utumwa wa Unguja kuwa ni wa upole. Nauheshimu ushahidi wake wa maisha ya ndani ya kasri. Lakini upole wa bwana ni tabia ya bwana, si haki ya mtumwa. Bwana akifilisika au akifa, upole huo haurithiwi. Waliojua hivyo zaidi ya wote ni wale walioamka usiku wakakimbia.

RABAI, KABLA YA SHERIA

Walikimbilia sehemu nyingi. Wengine walijenga miji yao wenyewe msituni, kama Makongeni na Fuladoyo nyuma ya Malindi na Takaungu. Fuladoyo ulikuwa na Wakristo wa Kigiriama waliowapokea watoro bila idhini ya askofu wala ya konsuli wa Uingereza, na mmoja wa viongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Hakuna mzungu aliyemtuma. Laiti shule zetu zingemfundisha David Koi kwa bidii ileile zinayotumia kumfundisha David Livingstone.

Wengine walikimbilia misheni. Rabai, ambako Krapf na Rebmann wa shirika la Church Missionary Society walianza kazi mwaka 1846, ilikuwa juu ya vilima, nusu siku kutoka Mombasa. Mwaka 1875 shirika hilo liliongeza kijiji kipya upande wa bara wa Mombasa, kikaitwa Frere Town kwa heshima ya Bartle Frere, yule mjumbe aliyekwenda Unguja 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alilazimika kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Frere Town ilikuwa ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza. Kengele yao bado imesimama Mombasa, na mahali penyewe pameitwa Kengeleni hadi leo.

Kutoka kijiji hicho ilitoka familia ambayo Wakenya wengi waliijua kwa sauti. James Juma Mbotela, ambaye baba yake alitekwa bara, akaokolewa na kuletwa Frere Town, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, ndiye mtangazaji wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, aliyefariki Februari 2025. Vizazi vitatu vinatosha kumtoa mtu kwenye jahazi la watumwa hadi kwenye redio ya taifa. Utumwa si jambo la kale kama tunavyopenda kuamini.

Hata hivyo Frere Town haikuwa mbingu. Walioitwa huru waliamshwa kwa kengele, walilima kwa amri, na walichapwa viboko. Msimamizi wa Kiingereza, J. R. Streeter, alipiga watu hadi habari ikafika kwa konsuli, uchunguzi ukafanywa mwaka 1881, na shirika likamwondoa. Na kuhusu watoro wa bara, wale wasiokuja kwa manowari bali kwa miguu yao, wakubwa wa shirika walikuwa na agizo lisiloficha lolote: msiwapokee, maana sheria ya nchi ni ya Sultani na mtumwa ni mali ya mtu. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town kwa sababu ya watoro. Wamisionari walikuwa na hofu ya kweli, na sitaki kuidharau. Lakini walikuwa pia na Kumbukumbu la Torati mezani.

Aliyelifungua lango la Rabai alikuwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe. William Jones alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa India pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, kisha akarudishwa Afrika Mashariki na kuwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo aliandamana na Askofu James Hannington kupitia Ukambani na Umaasai kuelekea Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi Rabai, chini ya bendera ya buluu iliyoshonwa neno la Biblia Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Chini ya uangalizi wake watoro walizidi kuongezeka Rabai. Walijenga vibanda, walilima mihogo, walibatiza watoto. Ripoti zilizokwenda London hazikuwataja kwa wingi wao.

Mwaka 1888 ukweli ulijitokeza. Mzee William Price, mwanzilishi wa Frere Town, alirudi akakuta mamia kwa mamia ya watoro ndani ya ardhi ya misheni, na mabwana wao wanadai warudishwe. Upande wa Wajerumani, Pwani ilikuwa imelipuka kwa vita vya Abushiri dhidi yao. George Mackenzie, aliyekuja kuisimamia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliona kwamba kuwarudisha watu wale ni kuwasha moto, na kuwazuia bila fidia ni kuwasha moto mwingine. Akalipa. Watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vya jirani walitolewa fidia, na mwanzoni mwa 1889 wakapewa hati za uhuru.

Tazama mpangilio wa matukio hayo. Kwanza alikuja mtoro. Halafu alipatikana mtu mmoja ndani ya kanisa aliyejua harufu ya utumwa, akamficha kinyume cha agizo la wakubwa wake. Fedha zikaja baadaye. Sheria ikaja mwisho kabisa: hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje hadi 1909; katika ukanda wa Pwani ya Kenya ilifutwa 1907. Kwa hiyo mtu aliyefika Rabai mwaka 1885 angalisubiri sheria miaka 22. Kanisa halikuleta uhuru ule. Watoro waliuleta kanisani, na kanisa, kwa bahati ya kuwa na mtu kama Jones, halikuufukuza.

NYANDA ZA KAPUTIEI

Na huku kwetu? Wamaasai hawakuwa wafuga watumwa. Mateka wa vita, hasa wanawake na watoto, waliingizwa katika koo zao na baada ya muda wakawa Wamaasai. Misafara ya Pwani iliyopita hapa ikifuata pembe za ndovu ilitozwa kwanza: hongo ya waya, shanga na vitambaa kila kambi. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, akitoka upande wa Amboseli kuvuka nchi ya Matapato na Kaputiei hadi Ngong, alitembea kwa usalama wa msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Katika misafara ya aina hiyo baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana waliobaki Pwani wakinywa kahawa. Mtu aliubeba mzigo wa mwenzake kilomita mia kadhaa juu ya ardhi hii tunayoikata ploti za hamsini kwa mia, akarudi mikono mitupu.

Kisha ikaja Emutai, maangamizi. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilianza mwaka 1883, sotoka ikafuata 1890 na 1891, halafu ndui. Mifugo iliteketea, na mfugaji bila ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana jirani anayemwogopa. Familia za Kimaasai zilihamia pembezoni mwa Wakikuyu na Wakamba na kuwaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Kwa desturi mtoto wa rehani angekombolewa mvua zikirudi. Wengi walikombolewa. Wengine walikua huko wakasahau lugha yao, na leo wajukuu wao ni Wakikuyu au Wakamba watimilifu. Wengine walitoka mkononi mwa aliyewapokea wakaingia mkononi mwa msafara.

Nalitaja hili kwa sababu njia ya utumwa hapa haikuanzia kwenye bunduki kila mara. Ilianzia kwa mzazi mwenye njaa aliyemkabidhi mtoto kwa mtu aliyemwamini. Na katika nyanda hizi, kutoka Namanga hadi mto Mbagathi, wakati huo hapakuwa na Rabai, wala lango la mtu kubisha.

Misheni ilikuja baada ya reli. Africa Inland Mission, iliyoletwa Ukambani na Peter Cameron Scott mwaka 1895, ilifika Umaasai mwanzoni mwa karne ya ishirini kupitia John Stauffacher. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Molonket ole Sempele, na safari ya kijana huyu inastahili kujulikana na kila mtoto wa Kajiado. Mwaka 1909 aliuza ng'ombe, akapanda meli, akaenda Boydton, Virginia, nchini Marekani, kusoma katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Majengo yake yalikuwa ya chuo cha wazungu kabla ya vita vilivyoumaliza utumwa wa nchi hiyo. Mmaasai, mtoto wa watu waliokataa kufungwa kamba, alikaa dawati moja na wajukuu wa waliofungwa, katika jimbo ambalo mimbari zake zilikuwa zimefundisha kwa vizazi kwamba mtu mweusi ni mwana wa Hamu aliyelaaniwa, wakisoma Biblia ileile iliyotumiwa kuwafunga babu zao.

Alirudi akawa nguzo ya kanisa. Lakini mgogoro wa tohara ya wasichana ulipolipuka mwaka 1929 na 1930, na misheni ikawataka waumini waikane, ole Sempele aliachana nayo. Namwelewa. Alikuwa ameona kwa macho yake dini inavyoweza kushikwa na mtu mmoja ili imtawale mwingine, na wamisionari walitoa amri mahali palipohitaji mazungumzo. Lakini katika ugomvi ule wa wanaume wa misheni na wanaume wa boma, hakuna aliyemuuliza msichana.

LANGO LA KAJIADO

Msichana alijibu mwenyewe, kwa miguu. Mjini Kajiado kuna shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC, kanisa lililozaliwa na misheni ileile ya Stauffacher. Ilianzishwa mwaka 1959, katika wakati ambao kumpeleka binti wa Kimaasai shuleni kulionekana kuwa kumpoteza. Baada ya miaka, wasichana wakaanza kufika wenyewe bila barua ya baba. Walikuwa wakikimbia wembe, na baada ya wembe ndoa na mzee aliyekwisha kutoa ng'ombe. Wengine walitembea usiku kwa hofu ya fisi na hofu ya kaka zao. Chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, Mmaasai mwenyewe, shule iliwafungulia, ikawalaza, ikawafundisha, ikakabiliana na wazazi waliokuja langoni kwa hasira. Jina lake lilivuka mipaka ya nchi kwa kazi hiyo.

Kuna watakaoudhika kwamba nataja ndoa katika makala ya utumwa. Mimi pia sitaki mila za Kimaasai zichorwe kuwa soko la watu. Mahari ina heshima yake, na mwanamke wa boma ana sauti ambayo mgeni haioni. Lakini mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa 1956 dhidi ya utumwa unataja waziwazi, miongoni mwa desturi zinazofanana na utumwa, kumtoa mwanamke kwa ndoa bila haki ya kukataa, kwa malipo yanayopewa wazazi wake. Mtoto wa miaka 12 ambaye hajaulizwa, ambaye akikimbia anafuatwa, na ambaye thamani yake imekwisha kuswagwa hadi zizini kwa baba yake, yuko katika hali ambayo watoro wa Rabai wangeitambua mara moja.

Hapa nako sheria ilikuja nyuma ya lango. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011, na Sheria ya Ndoa iliyoweka umri wa miaka 18 ilipitishwa 2014. Wakati huo kulikuwa tayari na wanawake wazima Kajiado, walimu na wauguzi, waliolala katika bweni lile wakiwa watoto. Na kama ilivyokuwa Rabai, ndani ya dini ileile wapo waliofungua na wapo waliofunga. Wachungaji kadhaa wa kaunti hii wamehatarisha uhusiano na koo zao kwa kuwaficha wasichana. Wengine wamekula nyama ya sherehe wakajifanya hawajui ni sherehe ya nini.

NGUZO YA STIMA

Turudi Kitengela, kwenye ile namba ya simu. Saudia ilifuta utumwa kisheria mwaka 1962, na Oman mwaka 1970, hivyo wapo watu walio hai waliozaliwa chini yake. Kilichobaki katika nchi za Ghuba ni mfumo wa kafala, ambapo ukaaji wa mfanyakazi nchini umefungwa kwa jina la mdhamini wake. Akiondoka kwenye nyumba ya mdhamini bila ruhusa, anageuka mkosaji. Anaitwa mtoro, na polisi humtafuta kwa kosa hilo. Saudia ililegeza masharti mwaka 2021 ili wafanyakazi waweze kubadilisha mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje, na hao ndio mabinti zetu: makadama, kama wanavyojiita wenyewe kwa neno walilolikuta huko. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa miaka miwili hivi. Wengi waliandikiwa kwamba walikufa kwa mshtuko wa moyo. Walikuwa wanawake vijana waliopita vipimo vya afya kabla ya kupanda ndege.

Sisemi kwamba kila anayekwenda Ghuba ni mtumwa. Nimekwisha kusema wapo wanaorudi na mtaji, na zipo nyumba za huko zinazomcha Mungu kweli, zinazokumbuka kwamba Mtume alifundisha ujira wa mfanyakazi usicheleweshwe. Lakini tofauti kati ya aliyebahatika na aliyeangamia ni tabia ya mwenye nyumba, na hapo ndipo tulipo pamoja na Binti Salme na upole wa bwana.

Kwa nini nalileta suala hili kwa dini na si kwa serikali peke yake? Kwa sababu njia ya kwenda huko hupita kwetu. Kenya ina sheria kali: Ibara ya 30 ya Katiba inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inamtishia mhalifu kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Ajenti anaijua sheria hiyo. Anajua pia kwamba msichana aliyetoka Mwingi au Kisii kuja kushona EPZ hana wakili, ana mchungaji. Kwa hiyo ajenti huja kupitia imani. Huwa ni dada wa kwaya ambaye binamu yake alikwenda. Huwa ni mama mcha Mungu kutoka chama cha akina mama. Mara nyingine tangazo husomwa na mshika kipaza sauti baada ya sadaka, kati ya harusi ya Jumamosi na ujenzi wa ukuta. Msichana huombewa, hupakwa mafuta, huwekewa mikono, na safari yake hugeuka ushuhuda kabla haijaanza. Akifungiwa jikoni mjini Dammam, Saudia, simu imechukuliwa na mshahara haujalipwa, atamwambiaje mchungaji kwamba baraka ile ilimpeleka utumwani?

Naamini wachungaji na maimamu wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Mzazi wa wakati wa Emutai naye alikuwa na nia njema.

Wanaporudi, hubisha hodi tena. Baadhi hufika wakiwa na watoto waliozaliwa huko bila cheti. Nimeona jinsi mwanamke wa namna hii anavyopokewa: minong'ono kwanza, kisha swali la fedha ziko wapi, kisha maombi ya kumtoa pepo. Kama pepo yupo, hayuko ndani yake. Anahitaji mahali pa kulala, daktari, mtu wa kumsaidia kuandika taarifa kituo cha polisi, na kusanyiko litakalomwamini. Rabai ilitoa ardhi ya kulima mihogo kabla haijatoa katekisimu, na watu wakakaa.

Kitengela ina makanisa na misikiti ya kutosha kufanya hayo leo, bila kusubiri Bunge wala balozi. Makusanyiko yanayochanga mamilioni kwa ukuta na vyombo vya muziki yanaweza kuweka akiba ya tiketi za kuwarudisha waliokwama. Ofisi ya kanisa inaweza kubaki na nakala ya mkataba, pasipoti, jina la ajenti na anwani ya mdhamini wa kila binti anayeombewa safari, ili akinyamaza wiki mbili kuwe na mtu mwenye karatasi za kupeleka wizarani. Msikiti una fungu la zaka lililotengwa kwa ajili ya shingo zilizofungwa, na hakuna mwanachuoni atakayeniambia kwamba shingo hizo zimekwisha duniani. Na mhubiri anaweza kukataa kusoma tangazo la ajenti asiyeweza kuonyesha leseni. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi moja, na linaweza kuanza Jumapili hii.